Kuku 25 na Daftari Moja: Montessori ya Miaka 12 hadi 15 Inavyoendeshwa

Shule nyingi za Montessori Afrika Mashariki, zile ambazo mtoto hujifunza kwa vifaa na kazi ya mikono yake, huanza na watoto wa miaka mitatu. Zikishajijengea jina huongeza madarasa ya msingi, na hatimaye mtoto wa kwanza hufikisha miaka 12, mzazi akauliza: sasa anakwenda wapi? Uongozi hukaa kikao na kuamua kuongeza darasa. Makosa mengi huzaliwa kwenye kikao hicho, maana rika hili halihitaji darasa jingine. Linahitaji mahali pa kufanya kazi ya kweli pamoja na watu wazima, na masomo yanayofungamana na kazi hiyo.

Nchini Kenya rika tunalolizungumzia ni la gredi ya 7 hadi ya 9, yaani sekondari msingi. Nchini Tanzania limekatwa katikati: wadogo bado wako shule ya msingi, wakubwa wameshaingia kidato cha kwanza na cha pili. Mkato huo una usumbufu wake, nasi tutaufikia.

Shule zikikosea, hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuirefusha Montessori ya watoto wadogo: rafu zilezile, mikeka ileile, vifaa vilevile vilivyokuzwa kidogo. Kijana wa miaka 13 akiingia humo anajiona amerudishwa nyuma, na kabla muhula haujaisha anaanza kuvichezea vifaa alivyokuwa akivibeba kwa mikono miwili alipokuwa na miaka tisa. Njia ya pili ni kuiacha Montessori kimyakimya: kengele kila dakika 40, mwalimu wake kila somo, majaribio kila wiki, na saa moja ya bustani Ijumaa alasiri. Bustani hiyo haimfundishi mtu chochote, kwa kuwa hakuna kinachoharibika ikikauka.

Mawazo haya yalianzia wapi

Daktari wa Kiitaliano Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza, Nyumba ya Watoto, mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Baadaye aligawa makuzi ya mtu katika hatua nne za miaka sita sita: kuzaliwa hadi 6, 6 hadi 12, 12 hadi 18, na 18 hadi 24. Kwa hatua mbili za mwanzo aliacha vifaa, masomo na utaratibu uliokamilika. Kwa hatua ya tatu aliacha insha chache za miaka ya 1930, zilizoingia katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu safari ya kutoka utoto hadi ujana. Shule aliyoieleza humo hakuwahi kuiendesha mwenyewe. Ndiyo maana mwalimu wa watoto wa miaka minne anaweza kuulizwa "kifaa hiki kinatumikaje?" akajibu bila kusita, ilhali wa vijana hana albamu, yaani daftari la maelezo ya kila somo, la kufungua.

Hoja yake kuu ilikuwa hivi. Balehe ni kama kuzaliwa upya. Mwili unakua kwa kasi na kudhoofika kirahisi, moyo unakuwa mwepesi wa kuumia, na akili iliyokuwa inameza kila kitu kwenye umri wa miaka kumi inachoka upesi. Kijana anachokitafuta ni kujua ana thamani gani mbele ya watu: naweza nini, nahesabika vipi, nikitokea au nisipotokea kuna tofauti? Jibu halipatikani kwa kusifiwa, linapatikana kwa kazi ambayo wengine wanaitegemea. Kwa hiyo alipendekeza vijana waishi na kusoma penye ardhi, wakiendesha shamba, duka na nyumba ya wageni, na watu wazima wakifanya kazi bega kwa bega nao. Aliwaita Erdkinder, Kijerumani chenye maana ya watoto wa ardhi.

Waliomfuata walishika njia tofauti. Waholanzi walianzisha Montessori Lyceum ya Amsterdam mwaka 1930, shule ya sekondari ya mjini inayowapeleka vijana kwenye mitihani ya nchi. Marekani, Hershey Montessori School ilifungua shule ya shambani yenye bweni huko Huntsburg, Ohio, mwaka 2000, ikijaribu kuzifuata zile insha kwa karibu. Katikati ya ncha hizo ziko shule nyingi za mjini zisizo na shamba wala bweni, zenye jiko, karakana, kibanda cha kuku na kaduka. Kwa hali ya Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, hiyo ya katikati ndiyo inayowezekana, na haina upungufu wa kuonea aibu.

Msomaji wa Tanzania atauliza: hii si Elimu ya Kujitegemea? Swali la haki kabisa. Mwalimu Nyerere katika waraka wake wa Machi 1967 alitaka kila shule iwe jumuiya ya kiuchumi sawa na ilivyo jumuiya ya elimu, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Lakini tunajua lilikoishia katika shule nyingi: jembe likawa adhabu ya wachelewaji, na mavuno yakaenda ambako aliyelima hakujua. Kwa hiyo ukitaka kupima shule yoyote ya rika hili, uliza maswali matatu. Nani anashika daftari la fedha? Nani anaamua kinachofanywa na faida? Na kazi ya juzi imezaa somo gani leo? Kama jibu la maswali mawili ya mwanzo ni "mwalimu", hapo pana shamba la shule na hapana Montessori.

Uchumi mdogo, kwa karibu

Chukua kuku wa mayai 25. Idadi hii vijana wanne wanaimudu kwa zamu, na inatosha kuleta hesabu zenye uzito. Banda liwe na sakafu ya mita 5 za mraba hivi, viota 5, na maranda ya mbao yenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Kuku mmoja anakula karibu gramu 120 kwa siku, na maji anayokunywa ni kama maradufu ya uzito huo, zaidi wakati wa joto. Kundi zima basi linakula kilo 3 kwa siku, na gunia la kilo 50 linakwenda siku 16 na ushei.

Tuseme wanataga kwa asilimia 80, yaani mayai 20 kwa siku, na yai ni shilingi 300 za Tanzania, trei ya 30 kwa 9,000. Mapato ya siku ni 6,000. Tuseme gunia la chakula ni 70,000. Kilo inakuwa 1,400 na chakula cha siku 4,200. Kinachobaki ni 1,800. Bei hizi ni za mfano tu, vijana waende wenyewe dukani na sokoni wakaandike za kwao.

Sasa mayai yashuke yawe 15. Mapato ni 4,500, kuku wanakula vilevile kwa 4,200, kinachobaki ni 300. Mayai yamepungua robo, lakini faida imebaki sehemu moja ya sita ya ilivyokuwa. Yakifika 14, mapato na chakula vinalingana na hakuna kilichobaki. Kijana akishaiona hesabu hii kwenye daftari aliloliandika mwenyewe, humwambii tena umuhimu wa kujaza maji asubuhi.

Halafu linakuja jambo ambalo hata watu wazima hulisahau. Shilingi 1,800 kwa siku ni 657,000 kwa mwaka, na vijana huanza kupanga safari. Lakini kuku wale walinunuliwa wakikaribia kutaga, tuseme kwa 18,000 kila mmoja, jumla 450,000, na baada ya mwaka mmoja na zaidi kidogo hawatalipa gharama ya chakula chao. Kila mwezi 37,500 zitengwe kwa ajili ya kundi lijalo. Neno uchakavu, ambalo kwenye kitabu cha biashara husomwa na kusahauliwa, hapa lina mabawa na linazeeka mbele ya macho yao. Bado hujatoa gharama ya chanjo ya mdondo (Newcastle), ambayo ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, wala maranda, wala mayai yaliyovunjika.

Daftari lenyewe lina kurasa za aina mbili. Ukurasa wa mayai una safu za tarehe, yaliyokuwepo jana, yaliyookotwa, yaliyouzwa, yaliyokwenda jikoni, yaliyovunjika na yaliyobaki. Ukiacha tarehe, mbili za mwanzo zikijumlishwa lazima zilingane na jumla ya nne za mwisho. Ukurasa wa fedha una iliyoingia, iliyotoka, baki, na namba ya risiti. Kila jioni watu wawili wanahesabu, mmoja akiandika na mwingine akitia sahihi. Mwisho wa wiki mkaguzi, kijana asiye wa kikundi cha kuku, anahesabu trei na fedha upya bila kutoa taarifa kabla.

Siku moja hesabu itagoma. Tuseme Jumatano kuna upungufu wa mayai sita. Mwalimu hujisikia kuongeza 1,800 kutoka mfukoni ili mambo yaende, naye akifanya hivyo ameivunja programu yote kwa shilingi 1,800. Upungufu uandikwe kama ulivyo, kwa wino, na kikundi kikae kuutafuta. Mara nyingi hugundulika kwamba wapishi walichukua mayai bila kuandika, kwa kuwa "si ni yetu wote?". Hapo ndipo kanuni ya muhimu inapozaliwa: jiko linunue mayai kwa bei, hata kama fedha inahama tu kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Bila hivyo hakuna anayeweza kujua kama kuku wanajilipa au wanabebwa.

Mtaji uwe mkopo kutoka shuleni, wenye mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja kiasi, marejesho ya kila mwezi na kitakachotokea wakishindwa. Mtaji wa zawadi huzaa biashara ya maigizo. Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya shule iliyotengwa kwa shughuli hii peke yake, kamwe yasiingie kwenye simu ya mwalimu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mgawanyo wa faida uamuliwe na mkutano wa vijana kabla faida haijapatikana, maana ikishapatikana kila mtu ana hoja yake.

Wazazi nao huharibu kwa upendo. Mama anakuja kununua trei ya 9,000 na kuacha 20,000 "kwa ajili ya watoto". Waelezwe mapema, kwenye kikao: bei ni moja, chenji irudishwe. Akilipa kwa huruma amewaambia vijana kwamba mayai yao hayana thamani, wao ndio wanaoonewa huruma.

Na kuku hawana likizo. Ratiba ya Jumapili, Pasaka, Idi na Desemba iandikwe kabla ya kuku kununuliwa. Kama mlinzi atawalisha wakati wa likizo, alipwe, na malipo yake yaingie daftarini. Shule nyingi hukwama hapa kuliko kwenye magonjwa.

Kazi inavyozaa somo

Mayai yameshuka kutoka 20 hadi 15 na hakuna anayejua kwa nini. Mwalimu mzoefu huenda anajua, lakini anauma ulimi. Vijana wanaorodhesha washukiwa: maji yaliisha mchana, chakula kimebadilishwa, kuku wananyonyoka manyoya, kuna ugonjwa, nguchiro anaingia, kuku wenyewe wanakula mayai, mtu anachukua. Kila mshukiwa ana ushahidi wake unaoweza kutafutwa. Wanaopekua karatasi ya zamu wakakuta siku mbili ambazo maji hayakuandikwa huwa karibu na jibu, kwa sababu kuku akikosa maji nusu siku tu utagaji unaweza kuyumba kwa siku kadhaa. Anayeuliza kwa nini wafugaji wakubwa huwasha taa alfajiri anafungua mlango wa homoni, wa urefu wa mchana, na wa kwa nini sisi tulio karibu na Ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima ilhali kuku wa Ulaya hupunguza kutaga majira ya baridi. Hilo ni somo la wiki tatu la baiolojia na jiografia, nalo limeanzia kwenye ndoo.

Mfano wa pili ni kuchanganya chakula wenyewe ili kupunguza gharama. Kuku wa mayai anahitaji protini ya asilimia 16 hivi. Mahindi yana kama 9, na tuseme mashudu ya alizeti tuliyonayo yana 28. Chora mraba, andika 9 na 28 kwenye pembe za kushoto na 16 katikati, toa kwa mshazari: sehemu 12 za mahindi na sehemu 7 za mashudu. Uwiano umekamilika, mwalimu wa hisabati ameridhika. Ila mchanganyiko huo una mashudu asilimia 37, nyuzinyuzi zimezidi, na aina za protini anazozihitaji kuku hazijatimia, kwa hiyo mayai yatapungua ingawa hesabu ni sahihi. Ndipo dagaa na soya vinapoingia, na chokaa kwa ajili ya ganda, na vijana wanajifunza kwamba jibu la kwenye karatasi linaweza kuwa sahihi na lisitoshe. Wajaribu kwa kuku watano kwanza, wasibadilishe chakula cha kundi zima kwa siku moja.

Hapa tuseme jambo ambalo wapenzi wa Montessori hawapendi kulisikia: hisabati isiachiwe kuku. Aljebra haitoki bandani kwa mpangilio inavyohitajika. Tenga dakika 45 hadi 60 kila siku kwa hisabati peke yake, vikundi vidogo kwa uwezo na si kwa umri, kila mmoja akisonga anapothibitisha ameelewa. Vivyo hivyo kuandika. Shule zilizoamini kwamba miradi italeta kila kitu hujikuta gredi ya 9 zina vijana wenye kujieleza vizuri wasioweza kutatua mlinganyo wenye herufi pande zote mbili.

Kwa historia na fasihi, chombo kikuu ni duara la majadiliano. Andaa maandishi ya ukurasa mmoja hadi mitatu: hotuba, barua ya zamani, beti za utenzi, kipande cha sheria. Weka namba kwenye mistari. Vijana 10 hadi 14 wasome mara mbili kabla, mara ya pili wakiwa na kalamu. Asiyesoma anakaa nje ya duara na kuandika yanayosemwa, haingii. Mwalimu anauliza swali moja la kufungua, swali ambalo yeye mwenyewe hana uhakika wa jibu lake, kisha ananyamaza kwa dakika 40. Anayesema aonyeshe mstari. Dakika tano za mwisho wanatathmini: nani hakupewa nafasi, nani alirudia, wapi tuliuacha mstari tukasimulia yetu. Linaloharibu ni moja: kimya kikitimia sekunde kumi mwalimu hujibu swali lake mwenyewe. Akishafanya hivyo mara mbili, vijana hujua kwamba wakisubiri watapewa.

Siku na watu wake

Ratiba iwe na vipande virefu vichache. Ifuatayo inafanya kazi kwa shule ya kutwa. Saa 2:00 asubuhi, kazi za mifugo, jiko na usafi. Saa 2:30 hadi 4:30, hisabati na lugha. Chai. Saa 5:00 hadi 6:45, somo kuu la kipindi, iwe sayansi au historia, kwa wiki tano mfululizo. Chakula saa 7:00, kilichopikwa na kikundi cha zamu. Nusu saa ya ukimya, kila mtu peke yake na kitabu au daftari la binafsi, bila mazungumzo. Saa 8:15 hadi 9:45, ufundi, shamba, muziki au michezo. Nusu saa hiyo ya ukimya ndiyo ya kwanza kukatwa ratiba ikibana, nasi tungeshauri ikatwe ya mwisho. Kijana wa miaka 13 aliyekaa na wenzake tangu asubuhi amechoka kuonekana.

Kila baada ya wiki tano za masomo, wiki ya sita iwe nje: kiwanda cha chai, bandari, siku tatu za kupiga kambi, au kufanya kazi kwa fundi mjini. Vijana wapange bajeti, usafiri na chakula. Wakisahau chumvi, wale bila chumvi. Dawa, barua za ruhusa za wazazi na namba za dharura mtu mzima azihakikishe mwenyewe, hizo si za kufundishia.

Jiko nalo ni darasa, na mahesabu yake hayasamehe. Watu 26 wenye njaa ya balehe wanahitaji mchele karibu kilo 4 na maharage makavu kilo 2, yaliyolowekwa usiku uliotangulia. Kikundi kilichosahau kuloweka kinajikuta saa 6 mchana na sufuria ya maharage magumu na watu 26 wanaochungulia mlangoni.

Kwa vijana 20 hadi 24, walimu wa kudumu wawili wanatosha, watatu ni afadhali. Mmoja awe na mizizi kwenye sayansi na ardhi, mwingine kwenye historia na lugha, na wote wawili waweze kushika jembe na kukaa kwenye duara. Montessori mwenyewe alitaja kwamba pamoja na walimu pawepo mkufunzi wa kilimo, msimamizi wa duka na fundi wa kazi za mikono. Kwa kwetu hao ni afisa ugani, mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi, na seremala. Waje kama mafundi, wafanye kazi yao kweli mbele ya vijana. Wasigeuzwe wahadhiri.

Ugumu wa kuajiri ni huu: mwalimu hodari wa kidato cha pili amezoea kuwa mwenye jibu, na mwalimu hodari wa Montessori ya watoto amezoea kunong'ona. Vijana hawataki yeyote kati ya hao. Wanataka mtu mzima anayejua kazi yake, anayekiri asipojua, asiyetafuta kupendwa. Mtihani mzuri wa usaili ni kumpa mwombaji asubuhi moja ya kufagia banda na vijana wanne, ukatazama anazungumza nao nini.

Mkutano wa jamii ukae kila wiki, dakika 45, mwenyekiti na katibu wakiwa vijana, kwa zamu ya wiki sita. Ajenda inabandikwa ukutani siku mbili kabla na yeyote anaandika. Anza kwa shukrani za kutaja jina na tendo, halafu mambo yaliyobaki mkutano uliopita, halafu mapya. Kikatiba kidogo kieleze mipaka: yapo mambo vijana wanaamua wenyewe, kama faida, zamu na kanuni za jiko, yapo wanayoshauri tu, kama ratiba, na yapo ya watu wazima peke yao, hasa usalama, afya, na jambo lolote la kijana kuumizwa au kudhalilishwa. Hilo la mwisho lisiletwe mkutanoni hata siku moja. Lina taratibu zake na mtu wake maalumu. Shule iliyoacha vijana "wasuluhishe wenyewe" uonevu imewakabidhi wanyonge kwa wenye nguvu.

Serikali, mitihani na mzazi mwenye wasiwasi

Kenya, mambo yamekaa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kilimo, masomo ya awali ya ufundi na sayansi jumuishi ni maeneo rasmi ya kujifunza katika gredi ya 7 hadi ya 9, kwa hiyo banda la kuku si kando ya mtaala. Tathmini ya KJSEA mwisho wa gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, hubeba asilimia 60 ya alama za kuingia gredi ya 10. Ile ya KPSEA, ya mwisho wa gredi ya 6, ni asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 iliyobaki. Alama za shuleni zisipowekwa kwenye mfumo wa baraza la mitihani kwa wakati, kijana ndiye anayeumia. Mwalimu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina.

Tanzania, shule ya msingi na ya sekondari husajiliwa kila moja kivyake. Kundi moja lenye vijana wa darasa la saba hadi kidato cha pili linakaa pamoja kwa kazi, jiko, mkutano na duara, lakini lina rejesta mbili, wakuu wawili kisheria, na mitihani miwili ya taifa. Panga vipindi vya asubuhi kwa mihtasari miwili, alasiri kwa pamoja. Somo la elimu ya biashara la sekondari linaingia moja kwa moja kwenye daftari la kuku.

Kwa mitihani yenyewe, njia isiyoleta uchungu ni kuufanya mtihani kuwa somo kwa muda maalumu. Chukua orodha ya mada za silabasi mwanzoni mwa mwaka, weka alama kwenye kila mada kazi inapoigusa, na mwishoni mwa muhula wa pili uone zilizobaki tupu. Hizo zifundishwe wazi, bila kuzivisha mradi. Wiki nane za mwisho vijana wafanye karatasi zilizopita kwa saa halisi. Wiki hizo kuku wanabaki.

Mzazi atasema, "Nimelipa ada mwanangu akachote mavi ya kuku?" Usimjibu kwa falsafa. Mpe daftari. Mwambie mwanawe amweleze ukurasa wa Machi, mstari kwa mstari, mbona faida ilikuwa ndogo kuliko Februari na walifanya nini. Kama kijana hawezi kueleza, mzazi ana haki ya kulalamika na shule ina kazi ya kufanya.

Kuanza, na kupokezana

Vijana wanne si jamii. Wawili wakigombana, nusu ya shule imegombana, na zamu za kuku na jiko zinawachosha wote. Kwa maoni yetu usifungue ukiwa na chini ya vijana wanane, na wachanganye wavulana na wasichana kiasi kwamba hakuna msichana au mvulana wa peke yake. Mwaka wa kwanza anza na shughuli moja tu ya biashara. Shule zenye shauku huanza na kuku, nyuki, mkate, sabuni na kahawa kwa pamoja. Kufikia Julai kila daftari lina kurasa tatu na hakuna linalolingana. Ongeza ya pili baada ya ya kwanza kufunga hesabu za mwaka mzima.

Kundi likae miaka mitatu pamoja. Mwaka wa kwanza kijana anafuata, wa pili anafanya, wa tatu anaongoza na kufundisha, na kwa sababu hiyo zamu za vyeo zisiishe tarehe moja kwa wote. Mtunza hesabu anayeondoka akae wiki mbili na anayeingia. Wiki ya kwanza wa zamani anaandika, mpya anatazama. Wiki ya pili mpya anaandika, wa zamani mikono nyuma. Siku ya mwisho wanakwenda bandani na stoo pamoja, wanahesabu kuku, trei, mayai, magunia, na fedha hadi sarafu ya mwisho, wanaandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja pamoja na deni la shule lililobaki. Kama kuna tofauti inaandikwa na kuelezwa. Wote wawili wanatia sahihi, mkaguzi anatia sahihi, na ufunguo wa kisanduku unahamia mkono mwingine.